Historia ya Dada Yangu, Msomaji wa Mawe ya Vita

Ndugu zetu mliokuja kutufuta machozi, majirani wa mtaa wetu, na nyinyi wastaafu wa ofisi ya bandari mliojaza basi zima kuja kumsindikiza mwenzenu, mimi ni mdogo wake marehemu, wa pili na wa mwisho, fundi saa ambaye wengi wenu mmeniachia saa zenu na baadhi yenu hamjarudi kuzichukua. Wapwa zangu wamenipa karatasi na dakika kumi na tano, karatasi nitaifuata, dakika siwaahidi.

Nitangulize jambo moja, ili msije mkasema mjomba amelificha. Kuna kitu kimoja marehemu aliniomba kwa miaka thelathini na minne, kitu kidogo, safari ya basi moja tu, niende nikaone mahali jina la baba yetu lilipoandikwa, nami nilimkatalia mpaka pumzi yake ya mwisho. Nitalifikia hilo kwa mpangilio wake, kwa sababu dada hakupenda mtu anayeruka hatua.

Kuzaliwa. Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1938, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa mtia makaa melini na mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mama alisema mtoto huyo alitoka tumboni amekunja uso kama anayetaka kujua nani ametoa amri hiyo, na neno lake la kwanza lililoeleweka halikuwa mama wala baba, lilikuwa kwanini, ndiyo maana mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Bi Kwanini, na mpaka leo wapo humu ndani wasiolijua jina lake jingine.

Baba aliondoka siku ya Jumatatu, tarehe 11 Januari 1943, na meli iliyopeleka vyakula na risasi kwa majeshi, mama akiwa na ujauzito wangu wa miezi mitatu. Mimi nilizaliwa tarehe 30 Juni, meli ikazamishwa tarehe 9 Agosti, kwa hiyo baba na mimi tuliishi pamoja hapa duniani kwa siku arobaini bila kuonana. Barua ilifika mwezi wa Oktoba, ikasomwa na jirani, ikisema kwamba meli imepotea mbele ya pwani hii hii yetu na hakuna aliyeokolewa, haikusema ni mbele ya sehemu ipi ya pwani, wala haikusema tumlilie wapi.

Elimu. Marehemu alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1946, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, akamaliza mwaka 1953 akiwa wa pili, na aliyekuwa wa kwanza dada hakumsamehe mpaka alipozeeka. Lakini elimu yake ya kweli ilianza juu ya rasi. Vita vilipokwisha, serikali na vikosi vilijenga minara ya ukumbusho kila mahali pwani, na mama, ambaye hakujua kusoma, alimuuliza konda wa basi ni wapi walipowekewa jiwe wale waliopotea vitani, konda akamnyooshea kidole jiwe la kijivu juu ya rasi, kituo cha nne kutoka mjini, kwa kuwa ndilo alilolijua. Kuanzia tarehe 9 Agosti 1946, kila mwaka siku hiyo, mama alitufungasha, maua mkononi na mimi mgongoni, tukaenda kwa baba.

Mwaka wa pili, dada akiwa na miaka tisa na darasa la pili, mama akiwa anazungumza na jiwe, yeye alizunguka upande wa bahari ambako kulikuwa na maandishi, akaanza kuyasoma herufi kwa herufi, na kwa kuwa alisoma polepole na mama aliongea sana, wakamaliza pamoja. Yaliandikwa hivi: Kwa ukumbusho wa nyumbu wa kikosi cha uchukuzi, waliobeba mizigo yetu na hawakurudi. Nyumbu, ndugu zangu, hawa wanaozaliwa na punda na farasi. Mama akamuuliza, "Wameandika nini, mwanangu?" Dada akasema, "Wameandika waliobeba mizigo na hawakurudi." Mama akatikisa kichwa, akasema, "Ndio hao hao," akapanga maua vizuri.

Hakusema uongo, neno moja tu alilimeza, na neno hilo likamkaa kooni miaka arobaini na miwili. Mama aliwaeleza nyumbu wale kila kitu, bati linalovuja, msimamizi wa dobi anayemsumbua, mimi niliyerudia darasa la nne, na dada alisimama pembeni na sura ya mtu aliyekanyaga msumari na hataki kujulikana. Siku ile, akiwa na miaka tisa, aliamua kwamba jiwe la kweli la baba lazima liwe mahali fulani, na yeye ndiye atakayelipata kabla mama hajafa.

Kazi. Baada ya kidato cha nne mwaka 1957 na mwaka mmoja wa kusomea uchoraji wa kiufundi, marehemu aliajiriwa tarehe 1 Februari 1959 katika ofisi ya bandari, chumba cha ramani, ghorofa ya pili, meza ya dirishani. Wenzake mliopo hapa mnaijua sheria ya chumba kile kuliko mimi, kwamba kitu alichokwenda kukiona mmoja wa wachoraji huchorwa kwa mstari mzima, na kitu kilichosimuliwa tu huchorwa kwa nukta nukta, hata kama aliyekisimulia ni nahodha mwenye mvi. Sasa minara ya vita, kwa kuwa iko juu na huonekana kutoka baharini, manahodha huitumia kujua walipo, hivyo ilikuwa kwenye ramani, na dada alipofungua droo siku ya kwanza alikuta pwani yetu yote ina minara arobaini na moja, na thelathini na sita kati yake ilikuwa ya nukta nukta.

Mkuu wake wa kazi alimwambia kwamba nukta hizo hazijamuua mtu yeyote, yeye akauliza kwanini basi wanalipwa, na Jumamosi iliyofuata akapanda basi na tepu ya kupimia, kijitabu na mkate. Huo ndio ukawa utaratibu wake, Jumamosi moja mnara mmoja, na kwa kila mnara maswali manne, nani aliyeujenga, nani ameandikwa, nani hakuandikwa, na nani anaufagia. Swali la nne watu walilicheka, lakini alisema aliyejenga mara nyingi ameshasahau, anayefagia ndiye anayejua.

Nilikwenda naye mara nyingi, kwa kubebeshwa mkate, kwa hiyo nina ushahidi. Tulikwenda kwenye mizinga miwili iliyoelekezwa baharini, midomo yake imezibwa kwa saruji, na dada akapima unene wa saruji hiyo, tukaenda kwenye handaki la askari ambalo mkulima mmoja alihifadhi vitunguu, na mkulima akatuonyesha ukutani mistari ya penseli ambayo askari fulani alihesabia siku zake, mia moja na kumi na tisa, kisha basi. Tulikwenda kwenye jiwe lililobaki katikati ya ua wa kiwanda cha samaki, wafanyakazi wakilitundikia aproni zao, dada hakukasirika, alitaka kujua tu kama aproni zinakauka haraka zaidi upande wa majina au upande wa nyuma. Kwenye ukuta mmoja mrefu mweupe tulikuta maafisa na wapiga mizinga mia mbili, wamepangwa kwa vyeo, akauliza waliopika chakula cha watu mia mbili hawa wako wapi, na mzee aliyeufagia akasimamisha ufagio, akasema kwa miaka kumi na mitatu hilo ndilo swali lake pia.

Mimi, ambaye dada hakuniruhusu kamwe kuzunguka upande wa bahari akidai nitateleza, niliambiwa habari ya nyumbu tarehe 9 Agosti 1961, tukirudi kwa basi, nilipotimiza miaka kumi na minane na dada akaona nimekuwa mtu mzima wa kuweka siri. Alikosea, nilicheka mpaka mama aliyekaa kiti cha mbele akageuka kuuliza kuna nini, nikasema nimepaliwa. Lakini tulipofika nyumbani kicheko kilikauka, nikawaza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu hapo alipokaa analisikia leo. Niliwaza kwamba kama lile jiwe ni la nyumbu, basi baba hajaandikwa mahali popote kuwa amekufa, na mtu ambaye hajaandikwa anaweza kuwa ameokolewa na meli nyingine, akapoteza kumbukumbu, akawa anatia makaa bandari ya mbali. Mama alisema baba alikuwa na pengo kwenye ndewe ya sikio la kushoto, lilichomwa na kaa la moto, na mimi nilipofungua kibanda changu cha saa karibu na lango la bandari, kila baharia mzee aliyeingia nilimtazama kwanza sikio, ndipo nikaitazama saa yake.

Ndoa. Mwaka 1963 marehemu alikwenda kupima makaburi ya askari yaliyo nje ya mji, akamkuta fundi bomba amepiga magoti anatengeneza koki, akamuuliza kwanini maji ya hapa yanatoka mekundu, na fundi akamweleza habari ya kutu, ya kina cha kisima na ya udongo, kwa saa mbili, bila kumuuliza yeye binti wa nani. Dada alirudi akamwambia mama kwamba mwanamume anayejibu kwanini tatu mfululizo bila kununa haachwi njiani, wakafunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1964. Fungate yao walitembelea minara mitatu, shemeji akishika upande mmoja wa tepu, na aliendelea kuushika mpaka alipofariki tarehe 2 Mei 2007, akidai kwa mzaha kwamba hakuoa mke, aliajiriwa.

Watoto. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa mwaka 1966 ambaye ni muuguzi, wa pili mvulana wa mwaka 1969 ambaye ni fundi bomba kama baba yake, na kitinda mimba binti wa mwaka 1973 ambaye ni mwalimu wa hesabu, wote wako mbele yenu, pamoja na wajukuu saba ambao walijifunza kuhesabu kwa majina ya marehemu wa vita. Aliwalea vizuri, hakuwapiga, aliwauliza tu maswali mpaka wakakiri.

Sasa nifike pale. Mwezi Juni 1989, karani mmoja mstaafu wa forodha alimwambia dada kwamba kulikuwa zamani na ukumbi wa mabaharia, dari lake likaanguka mwaka 1958, na vitu vyake vikatupwa stoo ya forodha. Siku ya Alhamisi, tarehe 22 Juni, dada aliomba ruhusa kazini, akaingia stoo ile, na nyuma ya viti vibovu akakuta ubao mkubwa umegeuzwa uso ukutani, akaugeuza, na hapo walikuwepo wale ambao hawakutoshea kwenye kuta nyeupe, watia makaa, wapishi, waosha sitaha, majina ishirini na saba ya meli moja, na la kumi na nne lilikuwa la baba yetu. Aliniambia alikaa kwenye kiti chenye miguu mitatu, akasahau kwamba kina miguu mitatu.

Mngedhani angerudi mbio. Hakurudi mbio, siku kumi na sita hakula vizuri, kwa sababu kumpa mama ubao ni kumnyang'anya jiwe, na mama alikuwa na miaka sabini na mmoja, amekwisha kuliambia jiwe lile maisha yake yote. Aliniuliza mimi afanye nini, nikamwambia aache, maji yaliyotulia usiyatibue, na nilisema hivyo kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mama. Dada akasema yeye amechoka kummezea mama neno.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Julai 1989, alimpeleka mama forodhani, akaushika mkono wake akauweka juu ya jina, akamweleza yote. Mama alilia kwanza, alilia sana, kisha akafuta uso kwa leso, akauliza, "Na wale wa kule juu ni akina nani?" Dada akamwambia ni nyumbu. Mama akaanza kucheka, akasema, "Kumbe ndiyo maana wananisikiliza hivyo, baba yako hakuwahi kunisikiliza hata siku moja." Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayewapelekea maua, dada akajibu hakuna, mama akasema, "Basi mimi siachi, nitakuja huku na nitakwenda kule," na akafanya hivyo, akianza na forodhani na kumalizia kwa nyumbu, mpaka Agosti 1995, safari ya hamsini. Alifariki tarehe 17 Februari 1996, akiwa hajapungukiwa na kitu.

Aliyepungukiwa ni mimi. Dada alinijia kibandani wiki ile ile ya Juni, akaniambia, "Mdogo wangu, baba yupo, twende," nikamwambia nina kazi nyingi. Mwaka uliofuata nilikuwa na mafua, uliofuata mgongo, na mwaka huo huo wa 1991 shemeji aliutundika ubao kwenye korido ya forodha kwa vibano vya bomba, na nikaalikwa, nikasema nimepoteza funguo za kibanda. Mtu mwenye udhuru hakosi neno. Ukweli ni kwamba niliogopa kulisoma jina, nikajua nikishalisoma tu, baba atakuwa amekufa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua, kwa macho yangu mwenyewe. Fanyeni hesabu, mwaka huu baba angekuwa na miaka mia moja na kumi na mmoja, na bado mwezi wa tatu nilijikuta nikimchungulia mteja mmoja sikio.

Kustaafu. Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 1993, akiwa ameacha kwenye ramani za bandari minara sitini na mitatu, yote ya mstari mzima, na hiyo ishirini na miwili ya ziada ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeijua. Hakupumzika, alinakili majina ya ule ubao wa forodha akaanza kutafuta familia za wale wengine ishirini na sita, kwa barua, kwa simu, kwa kubisha hodi, akazipata kumi na tisa, na wapo waliomlaki kwa furaha na wapo waliomfukuza, na waliomfukuza aliwaelewa, akasema ana mmoja wa namna hiyo nyumbani.

Ugonjwa na kifo. Kuanzia mwaka 2021 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, vipimo vikaonyesha kwamba moyo umechoka kusukuma damu, akapewa dawa, na akamuuliza daktari kwanini moyo uchoke kabla ya miguu. Tarehe 2 Oktoba mwaka huu alilazwa, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Nilikuwa naye kila siku, na jioni ya tarehe 18 aliniuliza tena, sauti ikiwa ndogo, nikamjibu, "Ukipona tutakwenda wote." Akasema, "Mimi nilishakwenda. Aliyebaki ni wewe." Hakuniomba tena. Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 20 Oktoba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, miezi saba na siku sita.

Shukrani. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, ambao walijibu maswali yake hata yale yasiyohusu ugonjwa, inawashukuru majirani waliopika, waliolala nasi na waliobeba viti, inawashukuru wafanyakazi wa bandari wa sasa na wa zamani, madereva wa basi la pwani ambao kwa miaka sitini walimshusha mahali pasipo na kituo, na wafagiaji wote wa minara yote sitini na mitatu, ambao hatuna njia ya kuwafikishia habari hii isipokuwa kwa kwenda.

Mwisho namshukuru mama anayefagia korido ya forodha. Jana Jumatatu, saa tatu asubuhi, nilifunga kibanda nikapanda basi peke yangu. Alinikuta nimesimama mlangoni nimeshika kofia, siingii wala sitoki, akaniuliza, "Wewe ndiye fundi saa?" Nikasema ndimi. Akasema, "Bi Kwanini alisema utakuja, na kwamba nisikuharakishe," akanivutia kiti, akaenda kufagia upande mwingine.

Nilisoma majina yote kwa sauti, kutoka la kwanza, sikuruka, na nilipofika la kumi na nne nililisoma, na hakuna aliyekufa kwa kusoma kwangu, alikuwa ameshakufa tangu nikiwa na siku arobaini, kijana wa miaka thelathini na mmoja, na mimi mwenye miaka themanini nikaona mtu wa kumwonea huruma ni yeye. Nilimwita, baba. Neno hilo nimeitwa na wanangu maisha yangu yote, lakini mimi sikuwa nimewahi kulitamka kwa kumwita mtu.

Dada, nimefika. Pumzika kwa amani.